Je, wajua ujumbe wa sauti wa ofisini hukaa wapi?

Hapa Malaba, upande wa Uganda, madereva wa malori hupiga simu saa ambazo mawakala wa forodha wameshafunga ofisi. "Mzee, nimetoka Eldoret, alfajiri nitakuwa kwenye foleni, karatasi ziwe tayari." Asubuhi karani anakuta taa nyekundu inawaka kwenye simu ya mezani, anabonyeza, anasikiliza. Ni rahisi kudhani sauti ile ililala ndani ya simu. Haimo.

Ujumbe hukaa kwenye mtambo unaogawa simu kwa meza zote za ofisi, au kwenye seva ya kampuni inayotoa huduma hiyo. Humo kila ekstensheni, yaani namba fupi ya ndani ya kila meza, ina sanduku lake la sauti. Taa ni taarifa tu kwamba sanduku la 204, tuseme, limepata ujumbe mpya. Ndiyo maana simu ikiharibika na fundi akaweka nyingine kwa ekstensheni ile ile, ujumbe haupotei. Na ndiyo maana, mtambo ukiruhusu, mtu anaweza kuusikiliza akiwa Tororo au Nairobi, mradi ana namba ya siri.

Mtambo haukujui kwa uso wala kwa sauti. Unajua tarakimu. Ukibonyeza 5, simu hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa hezi 770, yaani mitetemo 770 kwa sekunde, na mwingine wa hezi 1336. Mtambo ukisikia jozi hiyo unajua ni 5. Simu za intaneti mara nyingi hutuma tarakimu yenyewe bila mlio, lakini mambo ni yale yale: anayebonyeza tarakimu sahihi ndiye mwenye sanduku.

Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Inatosha, kama mtambo unafunga sanduku baada ya makosa machache. Hatari ni kwamba mara nyingi namba ya kuanzia huwa 1234, au ekstensheni yenyewe, na watu hawaibadilishi. Hapo mgeni anahitaji kubahatisha mara moja tu. Uingereza gazeti la News of the World lilifungwa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba watu wake walisikiliza ujumbe wa simu za mkononi za watu wengine, na namba za kuanzia ambazo hazikubadilishwa zilikuwa mojawapo ya njia zao.

Kuna jambo lililotufundisha zaidi, katika ofisi moja niliyofanya kazi. Karani aliacha kazi, mwingine akakalia meza yake. Baada ya muda wateja wakaanza kushangaa: wameacha ujumbe kwetu usiku, na kabla hatujafungua ofisi yule aliyeondoka ameshawapigia kuwaomba wampe yeye kazi ya mizigo yao. Tukabadilisha namba ya siri. Haikusaidia. Fundi alipofungua mipangilio ya sanduku lile akatuonyesha mstari mmoja: anwani ya barua pepe, ya binafsi, ya karani wa zamani. Kila ujumbe ulipoingia, mtambo ulimtumia nakala kama faili la sauti. Namba ya siri ililinda sanduku, lakini nakala haikumwuliza mtu namba yoyote.

Siku hizi mtu akiondoka ninaanza na anwani hiyo, kisha namba ya siri, kisha ujumbe wa zamani unahamishwa au unafutwa. Ujumbe wa mteja una jina lake, namba yake na habari za mzigo wake, na Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa kama hizo azilinde. Namwomba fundi pia azime uwezo wa kupiga simu za nje kutoka ndani ya sanduku. Mwizi akiingia humo anaweza kupiga nje ya nchi usiku kucha, na bili ikaja ofisini.

Mwisho ni salamu ambayo mpigaji huisikia kabla ya kuacha ujumbe, maana ile ya zamani bado inataja jina la aliyeondoka. Karani mpya anarekodi yake. Mimi natoka nje, napiga ofisini kwa simu ya mkononi, naacha maneno mawili matatu, narudi kuangalia kama taa ya meza yake imewaka.