Je, wajua siku 60 za sheria huanza kuhesabiwa lini?

Ukikaa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya swala ya Alasiri, habari ya bomba la mafuta kutoka Lokichar, kule Turkana, hadi bandari yetu haikosi kuzuka. Ni mradi wa miaka nenda miaka rudi. Bandari ilishafungua gati lake la kwanza Mei 2021, bomba lenyewe bado liko kwenye makaratasi. Lakini makaratasi nayo yana siku zake, na hapo ndipo baraza hugawanyika: ukiambiwa una siku 60 za kukata rufaa, siku ya kwanza ni ipi?

Mimi ukiniambia nirudi baada ya siku saba, nitaanza kuhesabu na leo. Tena kwetu jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa tayari. Sheria ya Kenya haihesabu hivyo. Sura ya 2 ya sheria zetu, ile inayoeleza namna ya kuzisoma sheria nyingine, kifungu cha 57, inaiweka kando siku ya tukio lenyewe. Hesabu inaanza kesho yake. Sababu yake ni ya kiungwana: aliyepokea barua saa kumi jioni asipunjwe kwa kuhesabiwa siku ambayo imeshakwisha.

Chukua mfano wa hapa hapa. Tarehe 7 Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Sheria ya mazingira inampa asiyeridhika siku 60 kupeleka rufaa. Iache tarehe 7. Kuanzia tarehe 8 hadi mwisho wa Septemba ni siku 23. Ongeza 31 za Oktoba, unapata 54. Zimebaki sita, zinakufikisha tarehe 6 Novemba. (Waliodhani siku 60 ni sawa na miezi miwili wangesema tarehe 7.) Sasa fungua kalenda ya mwaka ule: tarehe 6 ilikuwa Jumapili! Kifungu kile kile kinasema siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo mlango ulifungwa Jumatatu tarehe 7, na yule wa miezi miwili angepona kwa bahati tu. Wana Lamu walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likaifuta leseni ile.

Idd-ul-Fitri nayo ni sikukuu ya umma, maana yake mwezi ukiandama unaweza kumwongezea mtu siku ya kuwasilisha karatasi zake. Na muda ukiwa wa siku sita au chini ya hapo, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi kabisa, hata zikiwa katikati.

Kwenye mabomba yenyewe swali hugeuka: si siku ipi tu, bali tangu jambo gani. Marekani, ambako kanuni za usalama wa mabomba zimeandikwa kwa kina, ajali ya kuripotiwa hupigiwa simu ndani ya saa moja, na ripoti ya maandishi hufuata ndani ya siku 30. Ile saa moja haianzi bomba linapopasuka, maana linaweza kuvuja ardhini usiku kucha bila mtu kujua. Inaanza pale ugunduzi unapothibitishwa. Hapo mjanja angesema, "Bado tunachunguza." Kanuni imemziba: zikishapatikana habari za kutosha mtu mwenye akili timamu kuona kwamba ajali imetokea, saa inakwenda, hata kama tathmini ni ya awali.

Kinachonifurahisha zaidi ni kanuni zao hao Wamarekani za ukaguzi. Kipimo cha kinga ya umeme inayozuia chuma kuliwa na kutu lazima kifanywe angalau mara moja kila mwaka wa kalenda, na nafasi kati ya kipimo na kipimo isizidi miezi 15. Kwa nini kufuli mbili? Ukibaki na ya kwanza peke yake, kampuni inaweza kupima Januari 2024, ikalala hadi Desemba 2025. Ukibaki na ya pili peke yake, itapima Januari 2024, Aprili 2025, Julai 2026, Oktoba 2027, kisha Januari 2029. Mwaka 2028 umerukwa mzima. Njia ya bomba la mafuta nayo hukaguliwa vivyo hivyo: mara 26 kwa mwaka, bila kupitisha wiki tatu. Mara 26 ni kila wiki mbili. Hiyo wiki ya tatu ni ya siku ambazo mvua imekata barabara au ndege haikuruka, na akishaitumia, mkaguzi atalazimika kuwahi safari nyingine ili 26 zitimie kabla ya Desemba kwisha.