Kuchemsha maji hakuondoi floridi

Arusha, hasa vijiji vya chini ya Mlima Meru, utasikia: “Chemsha tu, meno ya mtoto hayatakuwa na madoa.” Si kweli. Madoa hayo huletwa na floridi nyingi kwenye maji, na kuchemsha huua vijidudu tu. Floridi ni ioni (chembe yenye chaji ya umeme) iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano, na maji yakipanda kama mvuke, floridi hubaki sufuriani. Lita mbili zenye miligramu 3 za floridi kwa lita zikichemka hadi ibaki lita moja, hiyo moja ina miligramu 6. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kinachoinasa ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe: floridi huchukua nafasi ya haidroksidi kwenye madini ya kalsiamu ya mfupa. Mkaa wa kupikia hauna madini hayo, hata ukiujaza ndoo. Na magadi ya makande? Mengine yana floridi nyingi.