Jaribio la kubuni: zimwi, zabibu na mwarobaini
Jaribio la kubuni ni kisa cha kutunga anachopewa mwanafunzi ili apange, kwa kalamu na karatasi tu, namna ya kupima dai fulani. Ukimuuliza kama mmea unahitaji mwanga, jibu analijua tangu shule ya msingi, kwa hiyo "jaribio" lake ni kunakili daftari. Muulize habari za zimwi uone. Hana pa kunakili.

Kisa ninachokitumia ni hiki. Hombolo, Dodoma, zabibu zimeiva. Kila usiku zimwi hutoka kwenye mbuyu na kula vichala. Bibi mmoja anasema ukining'iniza majani ya mwarobaini kwenye mizabibu, halisogei. Una mistari 20 ya mizabibu na siku 10. Utajuaje kama bibi anasema kweli?

Wengi hukimbilia kuweka mwarobaini mistari yote. Vichala vikisalimika, bibi kashinda. Lakini je, kama wiki hiyo zimwi lilishibia kwa jirani? Ndiyo maana lazima mistari mingine iachwe bila majani; hilo ndilo kundi la kulinganishia. Basi anatokea mjanja anagawa 10 kwa 10, ila yenye majani ni ile iliyo karibu na nyumba, "maana si mbali kufika". Na nyumbani kuna mbwa. Sasa zimwi limekimbia majani au limekimbia mbwa?

Dawa yake ni vikaratasi 20 vyenye namba, vitikiswe kwenye kopo, vichotwe 10 bila kuchungulia. Bahati ndiyo igawe, si miguu yetu. Na anayehesabu vichala asubuhi asiwe bibi. Majani yaondolewe kwanza, aje mtu asiyejua yalining'inia wapi. Kwa kuwa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jaribio lirudiwe msimu wa pili.

Aliyeitetea sana hoja ya kugawa kwa bahati ni Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Naye alifundisha kwa kisa: katika kitabu chake cha 1935 yumo mama anayedai kwamba akionja tu anajua kilichotangulia kikombeni, maziwa au chai. Vikombe 8, vinne kwa vinne, mpangilio wa bahati. Kupatia vyote kwa kubahatisha ni nafasi 1 kati ya 70.

Ila kisa kisichokuwa na masharti huharibika. Hakosekani wa kusema, "Mwalimu, zimwi linajua tunalipima, litajifanya haliogopi." Darasa linacheka, lakini hoja ni nzito: zimwi la namna hiyo lile zabibu au lisile, maelezo yapo tayari, kwa hiyo halipimiki. Basi masharti nayaandika ubaoni mapema: linakuja kila usiku, halina habari na sisi, halipai. Wanabishana kidogo kama linaona gizani. Tunaandika "linaona", tunaendelea.