Kuitayarisha Zeolaiti Ili Inase Mvuke wa Maji: Maelezo kwa Wakazi wa Lamu

Mkazi wa Lamu hahitaji kufundishwa unyevu ni kitu gani. Chumvi hushikana mabonge ndani ya kopo, kufuli hupata kutu mlangoni, na mbegu za kunde zilizowekwa akiba hupata ukungu kabla masika hayajafika. Wakulima wa upande wa Mpeketoni na mafundi wa simu na kamera wa mjini wamekuwa wakituletea swali moja: kwa nini zeolaiti waliyonunua haikaushi kitu? Mara nyingi tunapoipima tunakuta jambo lile lile, kwamba jiwe lenyewe limeshashiba maji kabla ya kuanza kazi.

Zeolaiti ni jamii ya madini ya silikoni, alumini na oksijeni, yaliyojijenga mithili ya sega la nyuki, yenye vyumba na vinjia vidogo mno. Kila alumini inaposhika nafasi ya silikoni, sega hilo hubaki na chaji hasi, na ayoni, yaani chembe zenye chaji chanya, za sodiamu, potasiamu au kalsiamu hukaa vyumbani kuisawazisha. Ayoni hizo, pamoja na kuta zenye chaji, ndizo zinazoivuta molekuli ya maji na kuishikilia kwa nguvu. Kwa hiyo tunasema zeolaiti hunasa mvuke juu ya kuta zake za ndani, wala haivimbi kama sponji inayofyonza. Msomi wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, ndiye aliyelipa jiwe hili jina mwaka 1756, baada ya kulipasha moto na kuliona likitoa mvuke kana kwamba linachemka. Jina hilo alilitoa kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka, na ndani yake mna siri yote ya utayarishaji: maji yaliyomo hutolewa kwa moto, na nafasi iliyoachwa wazi ndiyo tunayoihitaji.

Ziko zeolaiti za kutengenezwa kiwandani na ziko za kuchimbwa. Zile za kiwandani, ambazo huja kama gololi ndogo, hutofautishwa kwa upana wa vinjia: aina ya 3A ina takriban nanomita 0.3, na 4A nanomita 0.4, ilhali molekuli ya maji ina takriban nanomita 0.28, kwa hiyo hupenya zote mbili. Gramu 100 za 4A iliyoandaliwa vizuri hunasa takriban gramu 20 za maji. Ya kuchimbwa iliyo maarufu zaidi, klinoptiloliti, hunasa pungufu ya hapo, ila ni rahisi na ni ngumu kuharibika.

Kwa jiwe la kuchimbwa naomba tahadhari ya dhati. Baadhi ya zeolaiti ni za nyuzinyuzi, na mojawapo, erioniti, imethibitishwa kusababisha saratani ya utando unaozunguka mapafu. Vijiji kadhaa vya Kapadokia nchini Uturuki vilipoteza watu wengi kwa sababu hiyo. Erioniti imo pia katika tabaka za kale za ziwa Magadi, hapa hapa Kenya. Asiokote mtu jiwe na kulitwanga nyumbani kabla halijachunguzwa maabara, na hata lililo salama litwangwe likiwa na majimaji, mtwangaji akiwa amevaa barakoa ya vumbi.

Jiwe lililochunguzwa huvunjwa hadi chembe za milimita 2 hadi 4, likachekechwa, kisha likaoshwa mpaka vumbi liishe. Hapa wengi hukimbilia maji ya bahari kwa kuwa yako mlangoni, na hilo ni kosa, maana kila lita yake ina takriban gramu 35 za chumvi ambazo zikikauka huziba vinjia. Tumia maji ya mvua ya jabia. Dondosha tone la maji ya mwisho ya kuoshea juu ya kioo, ulianike. Likikauka bila kuacha doa jeupe, jiwe limetakata.

Baada ya hapo jiwe hutandazwa kwenye sinia ya chuma, unene usizidi sentimita 3, likakaushwa kwa nyuzi joto 105 za Selsiasi usiku kucha. Ndipo moto hupandishwa polepole hadi nyuzi 300, likakaa humo saa 3 au 4. Kupandisha ghafla hufanya mvuke mwingi wa moto ubanwe ndani ya chembe, na mvuke huo huweza kuharibu sega lenyewe. Tanuu ya chokaa haifai kabisa: matumbawe hugeuka chokaa karibu na nyuzi 900, na kwa joto hilo zeolaiti huporomoka, isinase tena.

Kupoza ndiko kulikotushinda sisi wenyewe mwanzoni. Sinia yetu ya kwanza tuliiacha wazi juu ya dari ipoe, upepo wa kusi ukivuma. Asubuhi mizani ilionyesha kwamba uzito uliotoka kwa moto wa siku nzima ulikuwa umerudi karibu wote. Tangu hapo jiwe hutiwa likingali na joto ndani ya chupa ya chuma yenye kifuniko kikavu cha kukaza. Ukitaka kulijaribu, weka chembe chache kwenye kisahani, udondoshee maji, kisha ukiguse kisahani kwa chini: jiwe lililo tayari hutoa joto la kusikika mara moja, na lililoshiba hubaki baridi. Usijaribu kwa chembe nyingi mkononi, zitakuunguza.

Kilo moja ya mbegu yenye unyevu wa asilimia 14 ikishushwa hadi 8 hutoa gramu 65 za maji, kwa hiyo gramu 400 hadi 500 za 4A zilizofungwa katika kitambaa ndani ya mtungi mmoja na mbegu hutosha. Msahafu na miswada ya kale isiwekwe pamoja na zeolaiti, kwani hukausha kupita kiasi, na karatasi na ngozi hukakamaa zikapasuka. Kwa hizo tunatumia jeli ya silika, kinasa unyevu kingine, iliyorekebishwa kwanza ili hewa iliyo karibu nayo ibaki na unyevu wa takriban asilimia 50.