Sydney Barnes, mrushaji wa kaunti ndogo

Vijana ninaowafundisha kurusha mpira wa kriketi huniuliza: kama Sydney Barnes alikuwa hatari hivyo, mbona alicheza misimu michache tu kwenye kaunti kubwa za Uingereza, yaani timu za mikoa zilizo daraja la juu? Jibu ni hesabu ya riziki.

Mwaka 1903 aliangusha wiketi 131, yaani aliwatoa wapigaji mara 131, akiwa na Lancashire, moja ya kaunti kubwa. Wakashindwana malipo, akaondoka. Kaunti kubwa zilicheza mechi za siku tatu tatu majira yote ya joto, na mrushaji ndiye aliyebeba mzigo huo begani. Barnes akarudi kwao Staffordshire, moja ya kaunti ndogo, za daraja la chini, ambazo mashindano yao yalianza 1895. Siku za kazi alikuwa karani, Jumamosi alilipwa na klabu ya ligi, na kaunti aliichezea mechi chache za siku mbili. Mwili ukapata nafasi ya kupumzika. Kwa Staffordshire pekee, kati ya 1904 na 1935, aliangusha wiketi 1,441, kila moja kwa wastani wa mikimbio 8.15 (mikimbio ni alama za wapigaji, na kwa mrushaji chache ndiyo bora). Ukiwahi kusimama na mpira mkononi, soma tena namba hiyo.

Na timu ya taifa ilimfuata hukohuko. Melbourne, mwishoni mwa Desemba 1911, alirusha ova 11 za kwanza (ova moja ni mipira sita) akaangusha Waaustralia watano kwa mikimbio 6. Msimu wa 1913/14, Afrika Kusini, walicheza juu ya mikeka iliyotandikwa uwanjani. Mkeka huung'ata mpira unaozunguka, ukaruka ghafla, na Barnes alipata wiketi 49 kwa mechi nne za Test, yaani mechi kuu za timu za taifa. Rekodi hiyo ya mfululizo mmoja haijavunjwa mpaka leo.

Siri yake ilikuwa vidoleni. Baadhi ya warushaji huzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, na kasi hupungua. Yeye aliuzungusha kwa vidole huku akirusha kwa kasi. Huwa nawapa vijana chupa ya jamu, nawaambia wafungue kifuniko bila kukunja kifundo. Ndipo wanapoelewa ni nguvu ya namna gani ilihitajika.

Mwaka 1929, akiwa na miaka 56, aliichezea timu ya pamoja ya kaunti ndogo dhidi ya Afrika Kusini mjini Stoke, akawatoa wanane kwa mikimbio 41. Uzeeni, vidole hivyohivyo viliandika kwa hati safi nyaraka za kisheria za halmashauri ya kaunti yake.