Uharibifu wa vinasaba kazini: maana yake, na kwa nini si ugonjwa wa ukoo

Neno vinasaba limetokana na nasaba, yaani ukoo. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia kwamba mfanyakazi fulani ana uharibifu wa vinasaba, wazo la kwanza linalotujia ni kwamba amezaliwa na kasoro aliyoirithi kwa wazazi wake. Katika afya ya kazi wazo hilo ni kosa, tena ni kosa lenye madhara, kwa sababu linaondoa chanzo cha tatizo karakanani na kukipeleka nyumbani kwa mgonjwa. Uharibifu unaozungumzwa hapa ni jeraha. Mtu alizaliwa bila jeraha hilo, akaajiriwa bila jeraha hilo, kisha akalipata kutokana na vumbi, mvuke, kimiminika au mionzi aliyokutana nayo wakati akitafuta riziki.

Ili kuelewa ni kitu gani hasa kinachojeruhiwa, inatosha kukumbuka kwamba karibu kila seli ya mwili hubeba kromosomu 46, na kwamba ndani ya kromosomu hizo mna nyuzi ndefu za vinasaba, ambazo ni maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia. Nakala moja ya maelekezo hayo ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3, na seli inapogawanyika hulazimika kuyanakili yote. Sumu inaweza kunata kwenye herufi moja na kuifanya isisomeke vizuri. Inaweza kuukata uzi mmoja au nyuzi zote mbili zinazokabiliana katika jozi hizo. Inaweza kuzifunga nyuzi mbili pamoja zisiachane. Na nyingine haigusi herufi kabisa, bali huvuruga ugawaji wa kromosomu, hata seli moja ikapata zaidi na nyingine ikapungukiwa.

Hapo panahitajika kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Uharibifu ni hali ya muda, na badiliko la jeni, yaani la maandishi yenyewe ya maelekezo, ni hali ya kudumu. Vinasaba vyetu hujeruhiwa kila siku hata pasipo sumu yoyote ya nje, na seli ina mifumo ya kuvikagua, kukata sehemu iliyoharibika na kuijaza upya. Watu watatu walioeleza namna mifumo hiyo inavyofanya kazi, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Jeraha lililotengenezwa vizuri halibaki na alama. Lakini seli ikigawanyika kabla jeraha halijatengenezwa, au ikilitengeneza vibaya, kosa hunakiliwa kama kwamba ndiyo maandishi sahihi, na kuanzia hapo kila seli inayotokana na ile ya kwanza hulibeba. Kazi yenye sumu huongeza majeraha kupita kasi ya matengenezo, siku baada ya siku, kwa miaka.

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni wa benzini, kimiminika kisicho na rangi kinachotokana na mafuta ya petroli na kutumika kutengenezea kemikali nyingine nyingi. Benzini yenyewe siyo inayofanya sehemu kubwa ya madhara. Mfanyakazi anapovuta mvuke wake, unaingia katika damu na kufika kwenye ini, ambako vimeng'enya hujaribu kuugeuza uwe kitu kinachoyeyuka katika maji ili utoke kwa mkojo. Katika jitihada hiyo ya kujisafisha, ini huzalisha kemikali nyingine, baadhi yake zikasafirishwa hadi kwenye uboho, na humo hugeuzwa tena kuwa kemikali kali zinazovunja kromosomu za seli mama za damu. Kwa maneno mengine, mwili wenyewe ndio unaoikamilisha sumu. Uboho ni mahali ambapo seli hugawanyika bila kupumzika, kwa hiyo nafasi ya kosa kunakiliwa kabla ya kutengenezwa ni kubwa, na hii ni sababu mojawapo ya benzini kuhusishwa zaidi na saratani ya damu na upungufu mkubwa wa seli za damu kuliko magonjwa ya mapafu inakopitia.

Sumu nyingine hazihitaji safari hiyo. Gesi ya ethilini oksidi, inayotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali visivyostahimili joto, hunata moja kwa moja kwenye vinasaba bila kubadilishwa na ini. Kromiamu ya valensi sita, ambayo hukutana nayo watu wanaochovya vyuma katika kromu na wanaochomelea chuma kisichoshika kutu, huingia ndani ya seli kwa hila ya aina yake: umbo lake linafanana na la salfeti, ambayo seli inaihitaji, na seli huipitisha mlangoni bila kuitambua. Nyuzi za asbesto nazo hubaki kwenye mapafu kwa miongo, zikichochea uvimbe usiokwisha ambao hutoa kemikali zinazojeruhi seli za jirani. Hata wauguzi na wafamasia wanaoandaa dawa za kutibu saratani wamo katika orodha hii, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake, na tone linaloanguka kwenye ngozi ya muuguzi halijui kwamba yeye si mgonjwa.

Kujua kwamba kazi inaweza kuleta saratani ni jambo la zamani kuliko kujua vinasaba. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wasafishaji wa mabomba ya moshi, wengi wao wakiwa wameingia katika kazi hiyo wakiwa watoto, na akataja masizi kuwa chanzo. Mwaka 1895 Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza uvimbe wa kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za kemikali. Mwaka 1974 iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki huko Louisville, Marekani, waliokuwa wakifanya kazi na gesi ya vinili kloridi, walikuwa wamekufa kwa saratani adimu sana ya mishipa ya damu ya ini. Saratani hiyo ilionekana upesi kwa sababu ya uadimu wake. Nadhani hilo ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika historia hii yote: sumu inayosababisha ugonjwa wa kawaida, kama saratani ya mapafu, inaweza kujificha nyuma ya wagonjwa wengine kwa muda mrefu sana, na wafanyakazi wakaendelea kuivuta.

Vipimo vya kutambua majeraha haya vipo, na kwa kawaida hutumia seli nyeupe za damu. Wataalamu huweza kuhesabu kromosomu zilizovunjika chini ya hadubini, au kutafuta viini vidogo vilivyoachwa pembeni ya kiini kikuu pale seli ilipogawanyika vibaya. Njia nyingine ni kupitisha umeme kwenye seli zilizowekwa ndani ya ute mgumu: vipande vya vinasaba vilivyokatika huvutwa nje ya kiini na kuunda mkia kama wa nyotamkia, na mkia ukiwa mrefu majeraha ni mengi.

Tatizo ni tafsiri ya matokeo. Umri, uvutaji wa sigara na mionzi ya hospitali navyo huongeza majeraha, na majeraha ya leo si lazima yawe ugonjwa wa kesho, kwani saratani kwa kawaida huhitaji mabadiliko kadhaa yakutane katika ukoo mmoja wa seli. Kwa hiyo kipimo kinaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba kundi la wafanyakazi wa idara fulani lina majeraha mengi kuliko kundi lisiloguswa na sumu, na hiyo ni sababu tosha ya kurekebisha idara hiyo, lakini hakiwezi kumwambia mmoja wao kwamba ataugua au hataugua. Mfanyakazi anayepewa karatasi ya matokeo bila kuelezwa tofauti hii huachwa ama na hofu isiyo na kipimo ama na utulivu usio na msingi.

Hapa ndipo neno nasaba linaporudi kwa mlango wa nyuma. Ni kweli kwamba watu hutofautiana kimaumbile katika kasi ya kuzivunja sumu. Baadhi ya watu, kwa mfano, wana kimeng'enya kinachofanya kazi polepole juu ya kemikali za jamii ya zile zinazotumika katika rangi, na tofauti hiyo imehusishwa na saratani ya kibofu kwa wafanyakazi walioguswa nazo. Wapo wanaoona kwamba dawa ni kuwapima watu kabla ya ajira na kuwakataa walio dhaifu. Ninaona hoja hiyo imepinda, kwa sababu hata mwenye kimeng'enya chepesi hujeruhiwa, na hewa ya kiwandani haisafishwi kwa kubadilisha wanaoivuta.

Je, jeraha hili linaweza kupita kwa watoto? Jeraha lililo katika mapafu, ini au uboho haliwezi kurithiwa. Huisha na mwili wa mwenye nalo. Seli pekee zinazoweza kulipeleka kwa kizazi kingine ni mbegu za kiume na mayai. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba baadhi ya kemikali huleta mabadiliko yanayorithiwa, lakini kwa binadamu uthibitisho wa namna hiyo haujapatikana kwa uwazi, hata katika uchunguzi wa muda mrefu wa watoto wa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Mimba iliyo tumboni ni suala tofauti, kwani sumu inaweza kumfikia mtoto mwenyewe kupitia kwa mama.

Kwa sumu zinazonata au kukata vinasaba, wataalamu wengi huchukulia kwamba hakuna kiwango kinachoweza kutangazwa kuwa salama kabisa, na kwamba viwango vya kisheria hupunguza hatari bila kuiondoa. Ndiyo maana Mkataba namba 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unataka kwanza vitu vinavyoleta saratani vibadilishwe kwa visivyo na madhara hayo au vyenye madhara madogo, na kisha idadi ya wanaoguswa navyo na muda wa kuguswa vipunguzwe kadiri inavyowezekana. Barakoa na glavu huja mwisho, baada ya kuifungia mashine na kuivuta hewa chafu pale pale inapotokea.

Kati ya siku ya jeraha na siku ya ugonjwa inaweza kupita miaka 20, 30 au hata 40, na katika muda huo mfanyakazi huwa amestaafu, kiwanda kimebadili jina au kimefungwa, na daktari anayemtibu hajui kwamba aliwahi kugusa asbesto. Kwa sababu hiyo sheria za Marekani zinataka kumbukumbu za vipimo vya sumu kazini zihifadhiwe kwa miaka 30, na Umoja wa Ulaya unataka kumbukumbu za walioguswa na vitu vinavyoleta saratani zihifadhiwe kwa miaka 40 baada ya kuguswa huko kukoma. Pasipo sheria kama hizo, daftari la mfanyakazi mwenyewe, lenye majina ya kemikali, tarehe na idara alizopitia, linaweza kuwa karatasi pekee inayoonyesha kwamba ugonjwa wake haukutoka kwa babu yake.