Mubashara ni ngozi kwa ngozi

Juzi nilikuwa Arusha kwenye maonyesho madogo ya chuo kimoja. Chalii mmoja amesimama mbele ya skrini, geji za ndege zimechorwa vizuri kabisa: mwendo, mwinuko, dira, mafuta. Juu yake, kwa herufi nyekundu: DATA MUBASHARA KUTOKA KWENYE SIMULETA. Mshale wa mwinuko unashuka taratibu, ndege inakwenda kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nikamuuliza simuleta yenyewe, ile programu ya kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, iko wapi.

"Ipo geto, kaka. Hii safari niliirusha jana usiku nikairekodi."

"Sasa mubashara iko wapi?"

"Si unaona namba zinacheza?"

Hiyo ni mara ya tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuwa fundi wa kompyuta hapa Moshi, wa pili dereva wa taksi ambaye nitamrudia. Na wote watatu wanaijua kazi yao, ndiyo maana inaniuma.

Maana tuimalize haraka. Data mubashara ni thamani inayochukuliwa kwenye chanzo chenyewe, chanzo kikiwa kazini, pasipo kitu katikati kinachoitunza, kuirudia au kuikisia. Basi.

Neno lenyewe ndilo tamu. Tumelizoea kwenye ubao wa kibanda umiza, "Mechi zote mubashara", tukadhani maana yake ni "sasa hivi" au "kinachosogea". Asili yake ni Kiarabu, herufi tatu: ba, shini, ra. Bashara ni ngozi, ile ya juu unayoigusa. Bashar ni binadamu, kiumbe ambaye ngozi yake iko wazi. Mubashara ni kugusana ngozi kwa ngozi, na waliosoma fiqhi ya saumu watakuwa wameshaanza kucheka, maana huko neno hili linahusu mambo ya mume na mke. Kutoka hapo likapanuka hadi kuwa jambo lolote linalofanyika bila kizuizi wala mjumbe katikati.

Ukoo huohuo umetupa neno jingine ambalo vijana wa mikeka ya kubeti wanalijua kuliko mimi: kubashiri. Kwa Kiarabu ni kuleta habari njema, na wanalugha wa zamani wanaeleza kwamba habari hiyo huonekana usoni, kwenye ngozi ya anayeisikia. Kiswahili kikalichukua kikalipeleka kwenye kutabiri. (Bashasha, pamoja na kufanana kote huko, si wa ukoo huu, mzizi wake ni mwingine.) Kwa hiyo mubashara na ubashiri ni ndugu wa damu, ila kazi zao zimepishana kabisa. Mmoja anagusa, mwingine anakisia. Ugomvi wangu wote na zile skrini uko hapo.

Tazama simuleta inavyofanya. Ndani yake kompyuta inapiga hesabu za ndege mara nyingi kila sekunde: upepo, uzito, nguvu ya injini, pembe ya mabawa. Matokeo yanakaa kwenye vigeu, yaani majina yaliyobeba namba. Programu unayoiandika mwenyewe haidukui kitu wala haisomi picha ya skrini, inapita mlangoni na kuuliza. Kwa simuleta ya Microsoft mlango huo unaitwa SimConnect, na umekuwepo tangu toleo la FSX la mwaka 2006. Unataja jina, tuseme PLANE ALTITUDE, unataja kipimo unachotaka, futi au mita, kisha unasema uletewe mara ngapi: mara moja tu, kila sekunde, au kila fremu, yaani kila picha inapochorwa upya. X-Plane, simuleta nyingine, inapokea ombi lako kwa UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, kwenye bandari (namba ya mlango wa mtandao) 49000, unaiambia mara ngapi kwa sekunde, nayo inaanza kukurushia pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data. Ikipotea moja njiani hakuna atakayekupigia simu. FlightGear, ambayo ni ya bure, imepanga kila kitu kama mti wa matawi unaoweza kuupanda hata kwa telnet, programu ya kale ya kuongea na kompyuta kwa maandishi.

Hapo ndipo watu wengi hushtuka mara ya kwanza. Ndege imesimama kwenye njia ya kurukia KIA, matairi chini, injini imezimwa, programu inasema mwinuko ni karibu futi 2,930. "Kaka, data imekosea." Haijakosea. Uwanja wenyewe uko juu ya bahari kiasi hicho, mita 894 hivi. Nenda Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, utapata zaidi ya futi 4,500 kabla hujawasha kitu. Ukitaka umbali kutoka ardhini, hicho ni kigeu kingine.

Sasa wale wanaojifanya mubashara. Rekodi ya yule chalii ndiyo rahisi kuikamata, faili limejaa namba za jana, linasomwa mstari kwa mstari. Lingeweza kusomwa hata simuleta ikiwa imefutwa. Linacheza kama marudio ya mechi yanavyocheza.

Fundi wangu wa Moshi alikuwa na tatizo lililojificha zaidi. Simuleta yake ilikuwa inaruka kweli, programu yake imeunganishwa kweli, lakini kati yake na SimConnect kulikuwa na maktaba ya Python, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, inayoweka majibu kwenye akiba. Ukiuliza tena kabla muda wa akiba haujaisha, inakupa jibu la zamani bila kwenda mlangoni. Yeye aliiacha kwenye milisekunde 2000 kama alivyoikuta kwenye mfano. Ndege ndogo ya Cessna 172 ikienda kilomita 220 kwa saa inasogea mita 61 hivi kila sekunde. Sekunde mbili ni mita 122, umeshauvuka uwanja wa mpira goli hadi goli, na geji bado inakuonyesha ulipokuwa. Yeye alikuwa analalamika kwamba simuleta "inachelewa". Simuleta ilikuwa inamsubiri.

Hapa nisieleweke vibaya: kuchelewa peke yake hakuondoi mubashara. Kila aliyewahi kutazama mpira anaijua ile, jirani mwenye king'amuzi kingine ameshashangilia goli wewe bado unaangalia kona. Matangazo yako ni mubashara vilevile. Yamechelewa njiani, lakini hayakukaa kabatini yakisubiri kutolewa mara mbili. Tofauti ni kwamba king'amuzi hakikupi picha ileile ya zamani kila unapoitazama na kudai ni mpya.

Anayeniudhi zaidi ni mubashara bandia wa aina ya tatu, kwa sababu ndiye mzuri kuliko wote kwa macho. Namba zinakuja mara moja kwa sekunde, mshale ukiachwa hivyo unaruka kama chura, hivyo mwandishi wa programu anaongeza hesabu ya kuulainisha. Kati ya namba mbili programu inajaza: kama ilikuwa inashuka, basi itakuwa bado inashuka. Mshale unateleza kama mafuta, na watu wanasema "hii ndiyo mubashara kweli". Kumbe kati ya kila sekunde na sekunde, wanachokitazama ni mkeka.

Ndiyo habari ya yule dereva wa taksi pale KIA. Alikuwa ananionyesha kwenye simu kandege ka njano kanakuja kutoka kaskazini, anapanga lini asogee kumsubiri abiria. Ndege halisi hujitangaza kwa redio, kwa mfumo wa ADS-B kwenye megahezi 1090, mahali ilipo kama mara mbili kila sekunde, na vipokezi vya ardhini vinapeleka mtandaoni. Inapopita pasipo na kipokezi, tovuti za kufuatilia ndege huendelea kuisogeza kwa kukadiria kutokana na mwendo na uelekeo wa mwisho uliojulikana. Kandege hakasimami. Ndege ikigeuka au ikizungushwa angani kusubiri zamu, kale ka kwenye simu kanaendelea kunyooka, hadi kipokezi kinapoisikia tena na kenyewe kanaruka ghafla kwenda mahali pake. "Mtandao umeyumba," akaniambia. Mtandao ulikuwa mzima.

Na hata ukigusa ngozi, uliza ni ngozi ya nani. SimConnect ina PLANE ALTITUDE na ina INDICATED ALTITUDE. Ndege ikiwa imesimama KIA, zungusha kitufe cha presha kwenye altimita, chombo cha rubani cha kupima mwinuko: INDICATED ALTITUDE inapanda au kushuka, karibu futi 30 kwa kila hektopaskali (kipimo cha presha ya hewa), na PLANE ALTITUDE haitikisiki. Zote mbili ni mubashara bila ubishi. Moja inaigusa ndege, nyingine inagusa chombo kilichofungwa mbele ya rubani, ambacho kina haki yake ya kukosea. Ukijenga chumba cha rubani cha mbao geto, unayoitaka ni ile ya chombo, pamoja na makosa yake. Ukichora njia ya ndege kwenye ramani, chukua ya ndege.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Arusha, kazi yako ni nzuri na geji zako ni safi kuliko zangu. Pale juu andika "Rekodi ya safari", na tarehe. Siku ukileta simuleta yenyewe mezani, rudisha herufi nyekundu, halafu chini ya mshale ule unaoteleza weka neno dogo tu, "makadirio". Namba iliyo pembeni yake iache iruke kama chura.